Maswali ya Wasomaji: Gari la Nyumba, Vivuko na Visiwa vya Mbali

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Soweto, hapa Moshi, pamoja na mke wangu ambaye ni fundi cherehani. Kijana wetu anafanya kazi Glasgow, Uskoti, na sasa ni mwaka wake wa tatu huko. Ametualika tumtembelee mwezi Juni mwakani, na wazo lake ni kukodi gari la nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani, kisha tuzunguke visiwa vya Outer Hebrides kwa vivuko kwa muda wa wiki mbili. Ametuma orodha yake: Barra, Vatersay, Eriskay, South Uist, Benbecula, North Uist, Berneray, Harris, Lewis na mwisho St Kilda. Anasema ataendesha yeye kwa leseni yake ya Tanzania, na kwamba huko mtu analala popote anapotaka bila kuulizwa. Naomba kujua kama orodha hii inawezekana, tuanze na lipi katika kupanga, na kama hayo mawili ya mwisho ni kweli.
Mwalimu mstaafu, Moshi

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nimefurahi kwamba umeuliza mapema, kwa kuwa katika safari ya namna hii kivuko ndicho kinachopanga kila kitu, na anayekikumbuka mwisho hujikuta ana gari, ana likizo, ana chakula kwenye friji, lakini amesimama gatini akiangalia meli ikiondoka.

Niianze na orodha. Ukiiondoa St Kilda, ambayo nitaizungumzia baadaye, visiwa hivyo vyote vinafikika kwa gari ndani ya wiki mbili bila kukimbizana, kwa sababu vingi vimeunganishwa kwa matuta ya barabara yaliyojengwa juu ya bahari. Vatersay iliunganishwa na Barra mwaka 1991, Berneray na North Uist mwaka 1999, na Eriskay na South Uist mwaka 2001. Benbecula, iliyo katikati, imeshikana na Uist zote mbili kwa njia hiyo hiyo, na Harris na Lewis ni kisiwa kimoja chenye majina mawili. Kwa hiyo, pamoja na urefu wote wa orodha ya kijana wako, mtapanda vivuko vinne tu. Cha kwanza ni kutoka Oban, bandari ya bara, hadi Castlebay katika kisiwa cha Barra, safari ya takriban saa tano. Cha pili ni kutoka Ardmhor, upande wa kaskazini wa Barra, hadi Eriskay, dakika 40 hivi. Cha tatu kinatoka Berneray hadi Leverburgh ya Harris kwa muda wa saa moja, na cha nne kinatoka Stornoway hadi Ullapool kwa saa mbili na nusu au zaidi kidogo. Vyote vinaendeshwa na Caledonian MacBrayne, kampuni ya umma ambayo wenyeji huiita CalMac.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba nafasi ya gari kwenye vivuko hivyo hutolewa kwa kuzingatia urefu wa gari. Gari dogo la familia linaweza kuchomekwa pembeni hata siku meli ikiwa imejaa, lakini gari la nyumba lenye urefu wa mita sita au saba linahitaji kipande kizima cha sitaha, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti vipande hivyo huwa vimekwisha kuchukuliwa muda mrefu kabla ya siku yenyewe. Nauli nayo hufuata urefu. Urefu unaotajwa wakati wa kukata tiketi ni urefu kamili, pamoja na kibebeo cha baiskeli na chochote kinachochomoza nyuma, na kimo cha gari pia huulizwa. Ukitaja pungufu, wafanyakazi wa gatini wana haki ya kukuzuia, nao watakuzuia kwa sababu sitaha imepangwa kwa vipimo vile mlivyotoa.

Kutokana na hilo, ningemwomba kijana aende kwa mpangilio huu. Kwanza aulize kampuni ya kukodisha vipimo halisi vya gari wanalolitaka, na achague fupi kadiri familia ya watu watatu inavyoweza kulala kwa heshima. Pili, akiwa na vipimo hivyo mkononi, aangalie nafasi za vivuko vyote vinne kwa pamoja, kwa kuwa kivuko cha pili kikikosekana tiketi ya cha kwanza haina maana. Tatu, akishapata nafasi, ndipo athibitishe gari na nyinyi mtafute tiketi za ndege. Zipo pia tiketi za pamoja za visiwa kadhaa, ziitwazo Hopscotch, ambazo hurahisisha malipo. Lakini tiketi hizo hazimpi mtu nafasi kwenye meli, hivyo kila kivuko ni lazima kiwekewe nafasi kwa tarehe yake.

Hapa panatokea mgongano mmoja unaowahusu Watanzania, na sitaki uwakute njiani. Nyinyi wawili mtahitaji viza ya matembezi ya Uingereza, ambayo haiombwi zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, alama za vidole zitachukuliwa Dar es Salaam, na majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu hivi tangu siku hiyo. Vivuko vya Juni, kwa upande mwingine, haviwezi kusubiri hadi Aprili. Njia ya busara ni kijana aweke nafasi za vivuko na gari kwa masharti yanayoruhusu kubadilisha tarehe au kurudishiwa fedha, na ayasome masharti hayo neno kwa neno kabla ya kulipa, huku tiketi za ndege kutoka KIA zikisubiri viza itoke.

Kuhusu upande wa kuanzia, wapo wanaopendelea kushuka kutoka kaskazini, lakini kwa gari la nyumba mimi nashauri mwanze kusini na kumalizia kaskazini. Kivuko cha Oban hadi Castlebay ni kirefu, kinapita bahari ya wazi baada ya kuuacha mlangobahari wa Mull, na mara nyingi kina safari moja tu kwa siku. Kikifutwa kwa sababu ya upepo siku ya kwanza, bado mna wiki mbili mbele yenu na mnaweza kujipanga upya, pengine kwa kupitia kisiwa cha Skye, ambako kuna kivuko kutoka Uig hadi Lochmaddy ya North Uist. Kikifutwa siku ya mwisho, mkiwa na ndege kesho yake, hamna la kufanya. Stornoway hadi Ullapool ina safari nyingi zaidi, na kutoka Ullapool mnarudi Glasgow kwa barabara nzuri. Weka safari tete mwanzoni na iliyo imara mwishoni.

Hata hivyo, acheni siku mbili tupu katika ratiba, moja katikati na moja mwishoni, na msiruhusu mtu yeyote azijaze. Kampuni ikifuta safari huwahamishia abiria kwenye safari nyingine au huwarudishia fedha zao, lakini gari refu ni gumu kuhamishwa kuliko fupi kwa sababu ile ile ya sitaha. Kivuko cha Berneray hadi Leverburgh kinahitaji tahadhari ya pekee: kinapita kwenye mlangobahari wenye kina kifupi na miamba mingi, chombo kikipinda huku na huku kufuata maboya, na maji yakipwa sana safari inaweza kusogezwa au kufutwa. Wakati wa kupanda na kushuka, dereva aende polepole kabisa, kwa kuwa gari lenye mkia mrefu nyuma ya magurudumu linaweza kugusa chini pale gati linapokutana na ngazi ya meli.

Siku ya kivuko, fikeni gatini mapema kuliko muda ulioandikwa kwenye tiketi. Fungeni mtungi wa gesi kabisa, pamoja na friji kama inatumia gesi, kwa sababu hilo ni sharti la usalama. Kisha zimeni injini, vuteni breki ya mkono, na mchukue makoti na dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda juu, maana wakati meli inatembea abiria kwa kawaida hawaruhusiwi kubaki kwenye sitaha ya magari.

Naomba niseme neno ambalo halimo katika swali lako, Mwalimu, lakini naamini utalielewa kuliko wengi. Kwa watu wa visiwa vile kivuko ndiyo barabara yao. Kwa kivuko hicho mgonjwa huenda kumwona daktari bingwa bara, mfugaji hupeleka kondoo mnadani, na duka la kijijini hupata unga na dawa. Wakati wa kiangazi wapo wenyeji wanaokosa nafasi ya gari kwa sababu sitaha imejaa magari ya nyumba ya wageni. Kwa hiyo tafadhali msishikilie nafasi mbili kwa siku tofauti mkisubiri kuona hali ya hewa, na nafasi msiyoihitaji irudisheni mara moja. Chakula na mafuta nunueni visiwani badala ya kujaza gari Glasgow. Vituo vya mafuta viko mbalimbali, hivyo jazeni kila mnapopata nafasi.

Sasa leseni. Hapa kijana amekosea, na ni kosa ambalo lingeweza kuwagharimu safari nzima. Sheria ya Uingereza inamruhusu mgeni kuendesha kwa leseni ya nje kwa miezi 12 tu. Mkazi mwenye leseni ya Tanzania, miezi hiyo ikipita, anapaswa awe amefanya mtihani na kupata leseni ya huko, kwa sababu Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Yeye yuko mwaka wa tatu. Kama hajafanya mtihani, hana ruhusa ya kuendesha, na bima ya gari haitamlinda. Wewe unayeingia kama mgeni ndiye unayeweza kuendesha kwa leseni yako ya Tanzania, ikiwa hai, kwa gari lisilozidi tani tatu na nusu, na magari mengi ya nyumba yanayokodishwa yamo ndani ya kipimo hicho. Ulizeni pia kampuni ya kukodisha kuhusu umri, kwa kuwa nyingi huweka kikomo cha chini na nyingine huweka cha juu. Na kama kijana alifanya mtihani wake wa huko kwa gari la gia otomatiki, leseni yake itamruhusu otomatiki tu, hivyo gari lichaguliwe kwa kuzingatia hilo.

Ukishika usukani wewe, hutapata shida ya upande, kwa kuwa wanaendesha kushoto kama sisi. Utakachokizoea taratibu ni barabara nyembamba zinazotosha gari moja tu, zenye sehemu za kupishana. Ukiona gari linakuja, ingia katika sehemu ya kupishana iliyo kushoto kwako. Ikiwa iko kulia, simama mkabala nayo ili mwenzako aingie yeye. Anayekufuata nyuma kwa haraka mpishe, kwa maana huenda ni nesi au mwalimu anayewahi kazini. Mkono ukiinuliwa kidogo, shukrani imefika. Kwenye matuta ya bahari kuna upepo wa ubavuni unaolisukuma gari refu, na kuna vibao vya kuwatahadharisha madereva kuhusu fisi maji wanaovuka. Vibao hivyo vichukuliwe kwa uzito wake.

Sehemu za kupishana si mahali pa kulala, na hili linanifikisha kwenye swali lako la mwisho. Ni kweli kwamba Sheria ya Mageuzi ya Ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita na kupiga hema katika sehemu kubwa ya ardhi ya wazi, mradi aitumie haki hiyo kwa uangalifu. Lakini haki hiyo ni ya anayetembea kwa miguu, kwa baiskeli au kwa farasi. Haikuvihusu vyombo vya moto. Anayelala ndani ya gari kwenye ardhi ya mtu anahitaji idhini ya mwenye ardhi. Wekeni nafasi katika kambi zenye maji na umeme, au tumieni maegesho ya usiku yanayosimamiwa na jumuiya za vijiji, ambayo hutoza ada ndogo inayobaki kijijini. Pwani ya magharibi ya visiwa hivi ina nyasi za mchangani ziitwazo machair, ambazo mwezi Juni hujaa maua na ndege wanaotaga chini. Gari likipita juu yake jeraha hukaa muda mrefu. Maji machafu ya choo cha gari humwagwa mahali palipotengwa tu, kwa sababu kemikali zake huua bakteria wanaofanya kazi ndani ya mashimo ya maji taka ya vijijini.

Jumapili inahitaji mipango yake. Wakazi wengi wa Lewis, Harris na North Uist ni Wapresibiteri wanaoitunza sana siku hiyo, na wa South Uist, Eriskay na Barra wengi wao ni Wakatoliki. Wewe uliyekulia kati ya Machame na Kibosho hutahitaji kuelezwa zaidi jinsi ibada inavyoweza kuipa sehemu sura yake. Kivuko cha kwanza cha Jumapili kutoka Stornoway kilianza Julai 2009 tu, na hadi leo maduka mengi, vituo vya mafuta na baadhi ya kambi za kaskazini hufunga au hazipokei wageni siku hiyo. Jazeni mafuta na chakula Jumamosi, na kama mtakuwa Lewis, ingieni kanisani. Huko zaburi huimbwa kwa Kigaeli bila kinanda, kiongozi akitangulia kila mstari na waumini wakimfuata kila mmoja kwa mapambo ya sauti yake. Kama ningelazimika kuchagua jambo moja la kuwaonyesha katika safari yote, ningechagua hilo, hata mbele ya mawe ya Calanais yaliyosimamishwa takriban miaka 5,000 iliyopita.

Kwa mama, ambaye ni fundi, tengeni nusu siku Harris au Lewis. Kitambaa cha Harris Tweed kinalindwa na sheria ya bunge ya mwaka 1993 inayotaka kifumwe kwa mkono na wakazi wa visiwa hivyo majumbani mwao, na wapo wafumaji wanaowaruhusu wageni kutazama kazi.

St Kilda iondoeni katika orodha ya gari. Iko zaidi ya kilomita 60 magharibi ya North Uist, wakazi wake 36 wa mwisho walihamishwa kwa ombi lao wenyewe tarehe 29 Agosti 1930, na hakuna kivuko cha magari kinachokwenda huko. Zipo boti za siku moja, baadhi zikitoka Leverburgh, lakini zinategemea bahari kutulia, na mara nyingi haitulii. Ile siku tupu ya katikati iwekeni Harris. Bahari ikikubali mtaenda, na isipokubali kuna ufukwe wa Luskentyre.

Bebeni masweta na makoti ya mvua hata kama ni Juni. Jua litachelewa sana kuzama, hivyo mapazia mazito ya gari yatawasaidia kulala, na upepo ukitulia mtaumwa na usubi, ambao unawasha sana ila hauenezi malaria.

SWALI: Mhariri, sisi tuko Njiro, Arusha. Tuna Land Cruiser yenye hema juu ya paa, na tungependa kwenda Ukerewe na Ukara na watoto wetu wawili mwezi Desemba. Je, nasi tuweke nafasi ya kivuko mapema, na tupitie wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, kwenu kivuko kinawapangia saa ya kufika tu. Kivuko cha magari kati ya Kisorya na Rugezi kinasimamiwa na TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko, na gari huvushwa kwa foleni, kwa hiyo jambo la muhimu ni kufika Kisorya mchana na mapema, hasa karibu na Krismasi ambapo wenyeji wanarudi nyumbani. Mkipita Ngorongoro na Serengeti na kutokea lango la Ndabaka, mtakuwa karibu na Bunda, na kutoka hapo ni barabara ya Kisorya. Lakini mtalipia hifadhi zote mbili, gari na watu. Mkitaka kukwepa gharama hiyo, piteni Babati, Singida, Shinyanga na Mwanza, kisha mzunguke kwa Magu hadi Bunda, njia ndefu ila ya lami. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 liko upande wa Sengerema na halihusiki na safari hii.

Ukara ni kisiwa kidogo, nami nashauri gari libaki Ukerewe mahali penye ulinzi na mvuke kama abiria wa kawaida. Njia hiyo ya Bugolora hadi Bwisya ndiyo ambayo MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kwa hiyo mkikuta chombo kimejaa, ngojeni kinachofuata, hata mkicheleweshwa siku nzima, na watoto wavae majaketi ya kujiokoa tangu kupanda hadi kushuka. Wasioge ziwani wala kucheza kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kwa sababu ya kichocho. Pigeni hema mbali na ufuko, na tumieni vyandarua kila usiku.